Choo Kisichojaa

Jumatatu, 2 Julai 1956

Mgonjwa wa tano leo. Uwimana, mke wa Nsengiyumva fundi cherehani. Homa, tumbo, macho yamezama. Daktari hakuuliza mengi — homa ya matumbo, kama wale wanne. Kisha akauliza wanachota maji wapi. Wote watano: kisima cha mtaa.

Saa nne Mesiye Ajenti, Mzungu wa idara ya afya, akaniita ofisini. Kisima kifungwe. Na mimi, gadi wake wa usafi, nimtafute aliyekichafua, nilete jina kabla ya saa sita. Jina! Kama vile nimetumwa kuku sokoni.

Nikampelekea. Languida, mjane anayeuza samaki, anakaa kule chini karibu na ziwa. Mara mbili nimemkuta anaoshea samaki kando ya kisima. Nilimfukuza, akarudi. Ndivyo nilivyoandika, na hakuna neno la uongo hapo. Sasa amekatazwa kukanyaga kisimani, hata kikifunguliwa.

Jioni alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele.

— Kadiri, hiyo samaki mi naikulaka kila siku. Niko mugonjwa?

Nikamwambia sheria ni sheria. Aliniangalia, akaenda zake.

Jumatano, 4 Julai

Tumeanza kukausha kisima. Pampu ya mota imekuja, inanguruma tangu asubuhi, mtaa mzima umejaa moshi. Phocas alishuka kwa kamba. Alikuwa mtu wa mashua zamani, sasa ni mchimbaji, na mwamba wa hapa — huu mweusi wa volkano, wenye matundu kama mkate — hakuna anayeujua kama yeye.

Alipandisha ndoo mbili, kiatu cha mtoto, matope. Basi. Nilitaka sana akute mzoga. Paka, mbwa, chochote! Tungesema ndiye huyu, tukaenda kula.

Akiwa chini alinipigia kelele kwamba maji yanaingia kwa ufa mmoja, mpana wa kidole, upande wa juu. Upande wa mtaa, si wa ziwa. Yanakuja kwa nguvu, kama bomba.

Sikuliandika hilo kwenye ripoti. Niliona si kitu.

Ijumaa, 6 Julai

Kuta zimesuguliwa kwa brosi, jiwe kwa jiwe. Kisha tukamwaga unga wa klori. Macho yanawaka mpaka sasa, na mikono inanuka hospitali. Saidati kanitania: leo mume wangu ameoshwa.

Msikitini watu walinizunguka. Tangi la kutawadhia ni tupu, wake zao wanapanda na ndoo toka ziwani. Lini, Kadiri? Lini? Niliwaambia wiki ijayo, inshallah. Nilisema kwa sauti ya mkubwa. Nakubali, nilipenda kuulizwa.

Kesho, harufu ikiisha, tunajaza chupa ya kupimwa. Inakwenda Bukavu kwa boti.

Jumatatu, 16 Julai

Jibu limerudi. Maji bado ni machafu! Baada ya kazi yote ile!

Mesiye Ajenti aliisoma karatasi mara mbili, halafu akanitafsiria. Uchafu wenyewe ni wa choo. Wa binadamu. Nikauliza, donc si samaki? Si samaki. Basi Languida tumwache? Akasema, huyo mama naye ana choo, au hana?

Ana choo, kweli.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Tuliosha kisima kama mtu anavyoosha kikombe, lakini kumbe kinachochafuka si kikombe. Ni maji yenyewe, kule ndani ya mwamba, kabla hayajatufikia. Mtu anasuguaje mahali asipopaona?

Alhamisi, 19 Julai

Idi. Uwimana amefariki alfajiri.

Maji ya kumwoshea marehemu yametoka ziwani, ndoo kumi na moja, wanawake walipokezana njiani. Nsengiyumva alikuwa amemshonea gauni la sikukuu. Lilikuwa limetundikwa mlangoni, halijapigwa hata pasi.

Hakuna aliyechinja karibu na nyumba ile.

Jumamosi, 21 Julai

Tumeletewa dawa ya rangi. Kikopo kidogo cha unga mwekundu. Ukitia kijiko ndani ya maji, unageuka kijani kikali, ajabu kabisa. Kazi yake ni hii: unaumwaga chooni pamoja na pipa la maji, halafu unangoja. Kisima kikitoka kijani, umejua choo gani. Unajaribu choo kimoja kimoja, mpaka ukipate.

Tulianza kwa Languida. Amri ya Ajenti. Nilidhani atatufukuza. Alisimama palepale, mikono ina magamba, akauliza hiyo ni dawa ya nini. Nikamweleza.

— Weka, akasema. Weka yote. Mi pia nataka kujua.

Jumanne, 24 Julai

Siku tatu. Asubuhi, mchana, jioni nachota, natazama kwenye glasi. Maji ni meupe.

Leo wakati wa chakula Saidati aliuliza kitu. Aliuliza polepole, anachambua maharagwe ya kesho, hata hakuinua kichwa.

— Na choo chetu?

Nikacheka. Choo chetu ni choo cha mfano! Mwaka wa hamsini na tatu nilikichimba na Phocas, mita tisa, mbali na kisima kuliko sheria inavyotaka. Tulipofika chini kabisa baramina ya Phocas, ule mtaimbo wake wa chuma, ilitoboa mwamba, ikamtoka mkononi, ikapotea. Upepo wa baridi ukatupanda usoni. Tukashangilia! Tangu hapo hakijawahi kujaa. Miaka mitatu. Ajenti ameleta wageni kukiangalia. Majirani sita wamechimba cha namna hiyo, mimi mwenyewe nimewapimia mahali, nikawaambia: musiache mpaka mutoboe.

Saidati akangoja nimalize.

— Tunamwaga kila siku, na hakijai. Vinakwenda wapi, baba?

Nilimjibu vibaya. Nilisema mambo ya kazi yangu anayajulia wapi. Akaendelea kuchambua. Nikaacha chakula, nikatoka.

Saa nane nilimwaga vijiko vitatu, na pipa zima la maji. Peke yangu. Maji yalishuka bila sauti. Nilisimama nikisikiliza yafike chini, hayakufika.

Jumatano, 25 Julai

Kijani.

Saa kumi na mbili na nusu, ndoo ya kwanza. Kijani kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Watu walikuwa wameanza kupita, wakaona. Yewe! Mana yanjye! Mungu wangu! Mama mmoja alisema kisima kimelogwa, akawashika watoto wake akakimbia nao. Mimi nilisimama na ndoo mkononi.

Usiku mmoja tu! Kwa hiyo kila tulichotupa sisi, kesho yake mtaa ulikuwa unakinywa. Miaka mitatu.

Ajenti alifika na gari, akaangalia, akanipa mkono mbele ya watu wote. Bravo, Kadiri! Siku nne toka kwa Languida mpaka kisimani, alisema, ndio mwendo wa maji. Hakuniuliza kama nimejaribu choo kingine. Sikumwambia.

Chini ya kucha zangu rangi ilikuwepo. Nilitia mikono mfukoni.

Ijumaa, 27 Julai

Amri imeandikwa. Choo cha Languida kifukiwe, na yeye ahame kiwanja kabla ya mwisho wa mwezi. Ajenti alisogeza karatasi, nitie sahihi kama shahidi. Nikatia. Mkono ulikwenda wenyewe, nitasema nini.

Nilikwenda kuswali, na sikumbuki hata khutuba ilikuwa ya nini. Nsengiyumva alikuwa safu ya mbele yangu. Amekonda. Kanzu yake imefumuka pindo, yeye fundi.

Phocas alinikuta kisimani baadaye. Alivuta tumbaku kwanza.

— Mukubwa, choo ya Languida iko chini. Kisima iko juu. Maji inapandaka mulima?

Nikasema haipandi.

— Bon, akasema. Mi niliacha baramina yangu mahali fulani. Sijaisahau.

Akazima tumbaku, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 28 Julai

Nimemwambia Ajenti.

Nilifunga mlango, nikasema nikiwa nimesimama. Kwamba Jumanne nilitia rangi kwangu. Kwamba ni choo changu, na huenda vile sita pia, kwa sababu vyote vimetobolewa hadi kwenye uwazi ulio ndani ya mwamba. Kwamba Languida hana kosa, wa samaki wala wa choo.

Alikaa. Nilidhani atanifukuza kazi. Alichukua muda mrefu kusafisha miwani. Halafu akaongea kama mtu anayepanga safari: vyoo vyote saba vifukiwe, kwa chokaa na mawe, kiangazi hiki hiki. Ufa uzibwe kwa saruji. Pampu iendelee kunyonya mwezi mzima, miwili ikibidi, mpaka mwamba ujisafishe, kisha chupa nyingine iende Bukavu. Mpango mzuri. Hakuna nilichoweza kuongeza.

Nikauliza, watu wataambiwa nini?

Matengenezo, akasema.

— Na Languida?

Karatasi yake imeshakwenda juu, haiwezi kurudi. Atapewa kiwanja kingine, upande wa Nengo labda. Sasa alikuwa ananitazama. Wageni walioona choo chako niliwaleta mimi, akasema. Unaelewa? Wewe ni mfanyakazi mzuri, Kadiri. Kijana — ingawa nina miaka thelathini na sita — usijiharibie.

Nikasema Uwimana amekufa. Akaniambia nikitoka nifunge mlango.

Nyumbani nilivua shati, nikaanza kubeba mawe. Phocas alikuja bila kuitwa. Saidati naye akajifunga kanga kiunoni, akabeba. Mpaka magharibi tulitupa mawe, na shimo halikuonyesha kitu. Saidati alilia kidogo, akiwa ameshika jiwe. Akasema watoto wa jirani walikuja kuomba maji kwake kila siku, na yeye aliwapa ya kisima, kwenye kikombe kisafi.

Nilimpokea jiwe, nikalitupa.

Jumapili, 29 Julai

Naandika hapa uani kwa Languida, kwa kalamu ya risasi, daftari liko gotini. Nisipoandika nitaondoka.

Nilimngoja atoke misa. Alinikuta nimekaa kwenye jiwe la mlangoni, akadhani nimeleta karatasi ya kumhamisha. Akasema nimpe, ajue siku.

Nikamwambia nimekuja kwa jambo lingine. Choo kimepatikana, na si chake.

— Ya nani?

— Yangu.

Alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya dirisha. Kuku alipita katikati yetu. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena: baramina, upepo wa baridi, rangi, sahihi yangu kwenye karatasi yake. Hata Jumatatu ile ya kwanza, kwamba nilitakiwa jina, nikampa la mtu ambaye hana wa kumsemea. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Aliuliza nani anajua. Mke wangu, nikasema, na Phocas, na Mesiye Ajenti. Na wewe sasa.

— Nsengiyumva?

— Hapana.

— Alizika bibi yake, na hajue?

— Hajui.

Ndipo akakasirika. Si niliposema kwamba nilitoa jina lake yeye, ni hapo. Alisimama, akaniambia nikae, nisiondoke. Nilidhani anakwenda kuwaita watu wa mashua wanipige, na kusema kweli ningeshukuru. Lakini hakushuka ziwani. Alipanda njia ya mtaani, haraka, bado amevaa viatu vya kanisani.

Nimekaa. Mikono yangu ni safi sasa, nimeisugua kwa mchanga.

Wanakuja. Nawaona kwenye kona. Languida yuko mbele, nyuma yake wanawake wanne au watano, majirani wa vile vyoo sita. Na Nsengiyumva, ametoka kwenye cherehani, utepe wa kupimia uko shingoni. Languida hajawaambia kitu, naona kwa nyuso zao. Amewaleta tu.

Ameingia uani, ananielekezea kidole: sema vile ulisema kwangu, yote, anza na mwanzo.

Nsengiyumva amempita. Anatabasamu kidogo, kwa adabu, kama anavyotabasamu tangu msiba. Ananiuliza habari za nyumbani. Ananiita mukubwa. Ananyoosha mkono anisalimie —