Kitabu Ulichoniambia Umekichoma

Doha,
Ijumaa mchana.

Mama mpendwa,

Chamgei. Goti la kushoto linasemaje, na bado unalibebesha kikapu kama goti la msichana? Yule ng'ombe mwenye doa amezaa? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono inayobabuka kwa sabuni za hoteli, na leo nina jambo ambalo sijui hata nilianzie wapi. Naandika Kiswahili ili Moraa akusomee bila kukwama. Moraa, mke wa ndugu yangu, soma polepole, na ukifika mahali ninapolaumu usiparuke. Ningepiga simu, lakini nimejaribu mara mbili, na kila ukipokea nakata. Ndiyo, ni mimi niliyekuwa nakata. Nisamehe.

Rono wa Chepseon, yule tunayefua naye mashuka ya hoteli, alirudi kutoka likizo Jumanne akanikabidhi mzigo wako langoni. Unga wa wimbi umefika salama. Njugu pia zimefika. Nilifungua kifurushi cha kwanza cha njugu nikiwa nimesimama, kwa sababu chumbani tuko wanawake wanne na kiti ni kimoja. Nikazimimina kwenye sahani, nikaanza kuikunja karatasi niitupe, ndipo nikamwona Mzee Kifuniko, yule mpelelezi wa katuni, na kofia yake ya sufuria na baiskeli isiyo na breki.

Mara ya kwanza nilikasirika tu. Unakumbuka mwezi wa nne uliniuliza kwa simu, "Chepkoech, hizi vitabu zako za katuni tufanye nazo nini? Mdogo wako Kiplangat anataka hiyo nyumba aweke nyasi ya ng'ombe." Kengele ya zamu ilikuwa imelia, nikakujibu mbio mbio, "Toa zote Mama, ni karatasi tu." Magunia matatu na sanduku la bati, miaka kumi na sita ya kukusanya, nikayaaga kwa maneno sita huku nikivaa viatu. Kwa hiyo nilijua kosa ni langu. Hata hivyo nilikulaumu pale pale nikiwa nimesimama na sahani. Nilisema, kweli Mama, hata kuwapa watoto wa shule haikuwezekana, mpaka ufungie njugu?

Halafu nikasikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa takataka, ulikuwa moshi wa jikoni kwetu, ule unaoshika mahindi ya darini. Nikashangaa, maana vitabu vyangu vilikuwa chumbani kwangu na havijawahi kukaa jikoni hata siku moja. Nikaigeuza karatasi. Kwenye kona palikuwa na doa la kahawia la utomvu wa majani chai, lenye umbo la jani zima na kikonyo chake. Nikakaa sakafuni. Mfilipino wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Mama, wewe unajua ni kitabu gani. Ni kile ulichokichoma.

Moraa hajui, kwa hiyo nimweleze. Nilikuwa darasa la sita. Nilikinunua Sosiot siku ya soko, nikakiweka chini kabisa ya kikapu na kukifunika kwa majani, nipate kukisomea kwenye kituo cha kuuzia majani tukingoja lori la kiwanda cha chai. Sikujua kwamba siku hiyo Mama angeninyang'anya kikapu akipeleke mbele mwenyewe. Karani alipomwaga majani yetu juu ya meza ya kukagulia, kitabu kilitoka mwisho, kimelowa, watu wote wakikiona. Karani akakiinua kwa vidole viwili akasema, "Mama Chepkoech, siku hizi unaongeza uzito na gazeti?" Majani yakakataliwa yote. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, akarudi nyumbani mchana peupe na kikapu kilichojaa, na kule kwetu kila mtu anajua maana ya kikapu kinachorudi kimejaa. Hakunichapa. Aliniambia tu, "Hiyo kitabu nimechoma," na asubuhi akanionyesha majivu. Nilikuwa nimebakiza kurasa chache nijue ni nani aliyeiba kengele ya kanisa.

Nyumbani mlidhani napenda katuni zote. Ukweli ni kwamba magunia yale yalianza kwa kukitafuta hicho kimoja. Kericho mjini, Chepseon, hata Fort Ternan nilipopelekwa kwa senge, dada yake Baba, nilipekua marundo ya vitabu vya mitumba nikiitafuta ile kengele. Nikiikosa, nanunua kilichokuwa kando yake ili nisirudi mikono mitupu. Sasa nina miaka thelathini na minne na kitabu chenyewe kimenifuata mpaka ng'ambo kikiwa kimebeba njugu.

Nilifungua vifurushi vyote saba hapo hapo sakafuni. Nikazinyoosha karatasi moja moja kwa kiganja na kuzipanga kitandani kwa namba zake. Zote zilikuwapo, isipokuwa karatasi ya mwisho.

Kesho yake nilimkamata Rono tukila, kando ya mashine za kukaushia.

"Rono, hakukuwa na karatasi nyingine imebaki kwa mzigo?"

"Kumbe mama hajakwambia?" Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mama yako amefungua maktaba kwa kituo cha majani. Zile gunia zako zote amepeleka huko. Saa ile watu wanangoja lori, yeye anapeana. Lakini lazima unawe mikono kwanza. Na akipata mtu ameficha moja ndani ya kikapu, anamsimamisha kwa ile meza ya karani anamuuliza kama anaongeza uzito. Watu wanacheka, karani mwenyewe anacheka."

"Kwa ile meza?"

"Ile ile."

Chakula kilinishinda. Nikamuuliza kuhusu kile cha njugu.

"Hiyo alisema si ya gunia, ni yako kutoka zamani. Imekaa juu ya dari ya jikoni miaka yote. Kile alichoma ilikuwa gazeti ingine. Alisema hasira iliisha wiki moja, lakini aibu ya kukurudishia ndiyo ilikataa kuisha."

"Na karatasi ya mwisho?"

Rono akageuka akatazama mashine. "Iko ndani ya Biblia yake. Alisema hiyo haitumwi na mtu, inafuatwa."

"Wewe umeisoma?"

"Dada, kituo chote kimesoma. Tumekatazwa kukuambia mwizi ni nani."

Mama, nimeshtuka na bado sijatulia. Jana nilipiga pasi foronya moja mara tatu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikikusamehe kosa ambalo hukulifanya, na nilijiona mtoto mwema kwa kukusamehe. Na wewe miaka hiyo yote ulikuwa unageuza ugali chini ya kitabu chenyewe. Kwa nini hukusema? Baba alipokuwa hai alijua? Nilitaka kuandika kwa ukali zaidi ya hapa, lakini kila nikikuona umesimama mbele ya meza ile ukiwatania watu kwa maneno yale yale yaliyokuliza, kalamu inakataa. Mimi nisingeweza kurudi mbele ya meza ile.

Rono anasema sanduku la bati hujalivunja, eti ufunguo ninao mimi. Ni kweli. Miaka sita umekaa kwenye pochi yangu pamoja na picha ya pasipoti. Nimeubandika kwa gundi ya karatasi chini ya barua hii, Moraa aubandue taratibu. Lifungue. Humo mna vile vizuri, vyote nimevivalisha nailoni. Vipeleke kituoni na vyenyewe. Vivue nailoni, mtu hawezi kusoma akisikia kitu kinakwaruza. Usihofu utomvu wala usihofu vikichanika. Mwezi wa nne nilisema toa zote bila kufikiri. Leo nimefikiri siku tatu, na jibu ni lile lile.

Halafu kuna ile fomu ya mkataba niliyokutajia, ya miaka miwili mingine. Ulininyamazia kwenye simu nilipokutajia, nikadhani mtandao umekatika. Sasa najua mtandao ulikuwa mzima. Hukunibishia, ulikwenda ukakaanga njugu. Umenitega kama kuku, Mama, na nimeingia. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutia sahihi. Nimeirudisha fomu ikiwa tupu. Huu mkataba nilio nao unaisha mwezi wa nane.

Nisalimie kogo, bibi yetu, na usimpe njugu, meno hana. Nisalimie senge wa Fort Ternan, mwambie marundo ya soko la kwao siyadai tena. Kiplangat mdogo wangu aweke nyasi, chumba ni chake. Moraa, nakushukuru kwa kusoma, na kama unamjua mwizi wa kengele, funga mdomo. Barua hii inaletwa na rafiki yake Rono anayekwenda likizo. Mpe chai, lakini usimwonyeshe Biblia.

Karatasi nyingine zote ziko chini ya godoro langu, nazilalia zinyooke. Nitakuja nazo mwenyewe, tuziunganishe na ile yako pale juu ya meza, karani akishamaliza kukagua majani.

Binti yako aliyebakiza ukurasa mmoja,
Chepkoech