Rafu ya Chini ni ya Bonge

Nyumba ya mabati ya kijani, chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.

Jumatano, 20 Septemba

Dada, kazi sijafukuzwa na ziwa sijamwachisha! Vyote viwili ninavyo, vyote viwili nimevishika, na anayebisha aje nimwonyeshe mashavu ya mtoto!

Haya. Nimeshasema, roho imetulia. Sasa nianze kama mwalimu wetu wa darasa la sita alivyotaka, asije akafufuka kunichapa.

Mpendwa dada yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. U hali gani huko kwenye baridi? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Shemeji hajambo? Watoto wanakula vizuri au bado wanachagua chagua? Sisi huku ni wazima. Baba Bonge yuko njiani na lori lake, anarudi keshokutwa Mungu akipenda. Mama mkwe goti linamuuma lakini mdomo haumuumi. Mimi mwenyewe ukiniona utasema nimeolewa upya.

Mwanao Bonge, wewe ndiye mama yake mkubwa na una haki ya kujua, ana miezi mitano na siku kadhaa. Anakaa mwenyewe ukimwegemeza mto. Anavuta nywele za kila mtu. Mapaja yake yana mikunjo hata kumkausha baada ya kuoga ni kazi ya watu wawili. Na katika mwili wote huo hakuna tone la maji, hakuna kijiko cha uji, hakuna kopo. Ni mimi tu. Nimemtengeneza tumboni na naendelea kumtengeneza nje.

Makopo ya maziwa ya unga uliyompa yule mgeni wako ayalete yalifika salama, asante. Na barua yako pia niliisoma, pale uliposema nisijikondeshe bure, kwamba mtu anayefanya kazi siku hizi hanyonyeshi. Dada, wewe ni mkubwa wangu, ulinibeba mgongoni na hujawahi kunipiga bila sababu. Lakini kwa hili ulikosea, na nakuambia machoni ingawa macho yenyewe yako mbali. Makopo sikuyatupa, mimi si mshenzi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna bibi analea mjukuu, mama yake alifariki akijifungua. Nimempa yote. Yule mtoto hana ziwa la kushika, kwake kopo ni uhai. Mwanangu analo, tena mawili.

Sasa ngoja nikusimulie vita yenyewe, maana uliipata nusu nusu kwenye simu.

Nilipomaliza likizo ya uzazi, mama mkwe alinikalisha chini. Akaniambia mwanamke anayesimama mbele ya tanuri la mikate maziwa yake hupikwa humo humo kifuani. Yanachacha, na mtoto akiyanywa tumbo linamsokota. Na si yeye tu. Kiwandani wanawake wote waliamini hivyo. Wenye watoto wachanga walikuwa wanawaachisha wiki ile ile wanayorudi kazini. Wanajifunga kitambaa kifuani kwa nguvu mpaka maziwa yakauke, wanalia kwa maumivu, na mtoto ambaye hata shingo haijakaza anaanzishiwa maji ya sukari na uji mwepesi.

Mimi nilikwenda kumuuliza nesi wa kliniki. Akaniambia kifua cha mama si sufuria, joto la nje haliyafikii maziwa. Mimi ninywe maji ya kutosha tu kwa sababu natoka jasho. Mtoto nimpe ziwa peke yake mpaka miezi sita, hata maji asipewe, maji yamo humo humo. Akanifundisha kukamua kwa mkono, kuchemsha chupa na kifuniko chake, kuweka kwenye friji, na nyumbani wamnyweshe kwa kikombe kidogo, taratibu, bila kummiminia. Nilielewa mara moja. Kichwa changu unakijua. Shule ndiyo iliyoniacha mimi, si mimi niliyoiacha.

Mama mkwe alipinga. "Bila maji! Hata mche wa nyanya unamwagiliwa!"

Nikamwambia, "Mama, mche wa nyanya hauna mama."

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akachukua kikombe, akamnywesha mjukuu wake huku ametazama ukutani, kama mtu anayeshika kitu cha watu.

Kiwandani nilifanya mambo yangu kimyakimya. Mapumziko yakifika naingia stoo ya unga, nanawa, nakaa juu ya gunia, nakamua. Maziwa nayatia kwenye chupa ya jamu niliyoichemsha, naifunga kitambaa cheupe, naisukuma nyuma ya siagi kwenye friji ya kiwanda. Jioni naibeba nyumbani kwenye mfuko wenye barafu, ndicho chakula cha Bonge cha kesho yake. Hakuna aliyejua isipokuwa Hamira. Huyu ndiye mkuu wa wakanda unga, na jina hilo tulimpa kwa sababu neno dogo likipita kwake lazima liumuke. Ajabu ni kwamba hili alilinyamazia.

Tuna msimamizi tunamwita Kengele, maana yeye hasemi, analia. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, chai yake ya maziwa kila asubuhi. Siku hiyo maziwa ya ofisi yalikuwa yamekwisha. Unaona tunakoelekea, dada?

Natoka tanurini kutafuta maji ya kunywa, namkuta amekaa na kikombe chake, uso umelainika, macho ameyafumba nusu.

"Maziwa ya leo matamu," akasema. "Nani kayaleta? Aendelee kuleta hayo hayo."

Nikatazama mezani. Chupa ya jamu, tupu. Kitambaa changu cheupe kimekunjwa vizuri pembeni.

Mwingine angeona aibu, angejifanya hajui. Mimi niliona njaa ya mwanangu. Nikapiga kelele: "Umekunywa chakula cha mtoto!"

"Mtoto gani?"

"Wangu! Hayo yametoka hapa!" Na nikajipiga kifua, mbele ya watu wote.

 Hamira akaangua kicheko, akalalia unga aliokuwa anaukanda, mabega yanaruka. Kengele alitema chini, akajipangusa ulimi kwa aproni iliyokuwa mezani, unga wa aproni ukamganda ulimini.

"Unataka kuniua wewe!"

"Mwanangu anayanywa kila siku na anazidi kunenepa. Wewe kikombe kimoja tu, umeshasifu!"

Hapo mishipa ya shingo ikamtoka. Akanipa maneno mawili nichague. Ama upuuzi huo, ndivyo alivyouita, ubaki nyumbani kwangu, ama nivue aproni niondoke nao saa hiyo hiyo.

Dada, nilipiga hesabu. Nyumba yetu ina miguu miwili tu, lori la baba Bonge na tanuri langu. Nikivua aproni, tunachechemea wote. Nisipoivua na nikatii, mwanangu anaingia kwenye maji ya sukari kama wenzake. Niliwaza haya yote nimesimama pale, jasho linanitiririka. Nikasema, "Sivui. Na maziwa yanabaki."

Kabla hajajibu, Hamira akadakia, mikono bado iko kwenye unga. "Bwana msimamizi, wewe umeshanyonya. Huyu sasa ni mama yako. Mtu anamfukuzaje mama yake?"

Nikaona hapo hapo ndipo pa kupita. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, keti umalize chai yako." Nikageuka, nikaenda stoo, nikakaa juu ya gunia langu, nikakamua upya, kwa sababu chakula cha Bonge kilikuwa kimeliwa na kaka yake. Hamira na wafungasha mikate wakaja mlangoni, wakanipa mgongo, wakatandaza aproni zao kama pazia. Na wale wanaosema hasira inachachusha maziwa waje waniulize. Siku hiyo nilikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima, na mtoto alikunywa, akabeua, akalala.

Sasa tanuri. Mikate ilikuwa ndani na ganda lilikuwa limeanza kunukia.

"Tanuri!" Kengele akalia. "Mikate inaungua! Nani anatoa?"

"Mama yako ana kazi," Hamira akamjibu bila kugeuka.

Akaitoa mwenyewe. Trei baada ya trei, kalamu zake mbili mfukoni, shati lote limelowa. Hata mkate mmoja haukuungua, hiyo nampa sifa yake. Alipomaliza akaja mpaka karibu na stoo, akasimama ametazama upande wa pili, akaongea na ukuta. "Rafu ya chini ya friji ni yako. Lakini uandike! Kwa herufi kubwa! Jamani, uandike!"

Nikaandika: CHAKULA CHA BONGE. USIGUSE HATA KAMA WEWE PIA NI MWANANGU.

Bado ipo. Na tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu ya mtoto aliyelelewa.

Lakini si mimi tu niliyefaidi, na hili ndilo ninalojivunia kuliko yote. Kuna msichana wa kufungasha mikate, mtoto wake ana miezi miwili. Alikuwa ameshajifunga kitambaa, maziwa yameanza kupungua. Alinifuata stoo siku ya pili yake akaniuliza kama kweli joto halifanyi kitu. Nikampa vidonge vyake vya maneno kwanza kwa kuchelewa kuuliza, halafu nikampeleka kwa yule nesi. Akafungua kitambaa, akamweka mtoto ziwani kila alipotaka, usiku na mchana, na maziwa yakarudi kidogo kidogo mpaka yakamwagika. Leo rafu ya chini ina chupa mbili. Wanawake watatu zaidi wana mimba, na hakuna hata mmoja anayezungumzia kitambaa.

Mama mkwe nilipomsimulia habari ya chai alicheka mpaka akashika goti. Usidhani amesalimu amri. Bado anasema maziwa yangu ni mepesi, yeye ya kwake yalikuwa mazito. Ila juzi narudi kutoka kazini nasikia sauti uani. Jirani amekuja, anataka kumwonjesha Bonge maji kidogo tu, eti kwa ajili ya joto. Mama mkwe akamkemea: "Weka kikombe chako chini! Huyu haguswi! Anayemnywesha ni mimi, na najua anachokunywa!" Nilisimama nyuma ya mlango nikajifanya sijafika. Dada, nilitamani nimbusu, lakini angenuna tena.

Wifi yeye amenitumia maneno kwamba mtoto asiyepewa uji mapema mifupa inakuwa laini.  Nimemtumia picha ya mapaja.

Nisalimie shemeji, mwambie mgongo wa mke wake si wa kubebea magunia. Nisalimie wanao, yule mkubwa aache simu ashike kitabu. Mama mkwe anakusalimia na anauliza kama huko kuna dawa ya goti. Baba Bonge anakusalimia kwa simu kutoka njiani. Hamira naye, ambaye hujawahi kumwona, anasema anakupenda kwa kunizaa, anadhani wewe ni mama yangu, lakini salamu ni salamu. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi usiokatika, na kila ulichotupa sisi akurudishie kikiwa kimeumuka.

Jambo la mwisho, na hili si ombi. Siku Bonge anapotimiza miezi sita ndipo anapoonja uji kwa mara ya kwanza, na nataka watu waone kwa macho. Kijiko cha kwanza nashika mimi, cha pili nimempa mama mkwe, amekisubiri tangu mtoto ana miezi miwili. Nimemwalika nesi. Nimemwalika msichana wa kufungasha mikate na mtoto wake. Kengele nimemwalika, atakaa upande wa watoto. Wifi aje na mifupa yake migumu. Jirani aje, kikombe aache kwake. Na asijidanganye mtu kwamba siku hiyo ziwa linakwisha. Uji unaongezwa juu yake, na ziwa linaendelea mpaka afike miaka miwili, nikipenda hata zaidi. Uliniandikia likizo yako ni mwezi wa kumi, hukusema tarehe. Basi tarehe nimekuchagulia mimi. Naiandika chini kabisa, peke yake, asije mtu akasema hakuiona.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata unapokosea,

Mama Bonge

Jumapili, tarehe nane Oktoba, saa nne asubuhi, akishanyonya.