Usiseme Dawa

Mjukuu wangu Divine,

Huku Gitega tuko salama, ila bibi yako analalamikia mgongo. Umerithi kazi yangu ya zimamoto huko Muyinga, na unauliza lori la sumu likipinduka ushike nini kwanza. Glavu? Hapana, ulimi wako!

Nikiwa kijana, sumu ya kunyunyizia kahawa ilimwagika barabarani hapo hapo Muyinga. Mkubwa wetu akapaza sauti: "Msisogee, ni dawa!" Basi watu wakaja mbio na madumu, kila mtu anataka dawa ya bure. Mama mmoja akanisihi, "Nitilie kidogo, mtoto anakohoa."

Sema sumu! Nimeimba hivyo mpaka nimechoka. Jana namuuliza bibi yako sumu ya panya iko wapi, ananijibu, "Dawa? Nimeiweka pamoja na dawa zako za presha."

Babu yako, mzima mpaka leo asubuhi.