Shingo ya Gita la Ayanle

Bula Iftin,
Garissa.
14 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Siyad,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, mkeo Hodo na watoto mkiwa wazima, na kwamba baridi ya huko Norwe haijaanza kuwasumbua. Sisi tunamshukuru Mungu. Mama yenu anakula vizuri, ni miguu tu inayomuuma. Jua ni lile lile. Mimi sina homa wala kidonda. Nalala, naamka.

Eda yangu inaisha kesho kutwa. Miezi minne na siku kumi sijavuka geti, tangu tumzike Ayanle. Watu huuliza kama nalia. Silii. Nafagia, napika, nakaa.

Uliniomba lile gita la besi alilokuwa akikutengenezea, la kwanza maishani mwake, limaliziwe, kisha dada yenu Nasteha akuletee. Ulisema unataka kushika kitu alichokishika kaka yako. Nasteha anasafiri Jumatano, kwa hiyo ni lazima nikueleze yaliyotokea.

Mwili wa gita alikuwa ameumaliza. Aliuchonga kwa gogo la ule mwarobaini ulioanguka uani. Shingo, ule ubao mrefu ambao nyuzi hupita juu yake, alikuwa ameichonga pia akailaza juu ya kabati. Unajua alivyokuwa: kila ubao aliugonga kwa kidole kama mlango, akasema, "Huu unajibu," au, "Huu umelala." Chai yake ilijaa unga wa mbao, naye akainywa tu.

Mwezi wa pili wa eda niliona ufa mdogo kwenye shingo. Ukavu wa hapa unaujua. Nikaogopa. Nikafanya kama tunavyofanya vibuyu vya maziwa visipasuke: nikaipaka samli, nikaitundika juu ya makaa yenye moshi, siku mbili. Ilitoka nyeusi, inanukia vizuri. Siku ya tatu ilikuwa imepinda kama pembe ya ng'ombe.

Jirani yetu Abdinur, fundi wa vitanda, alikuja kuiangalia. Yeye alisimama getini, mimi nyuma ya mlango, Mama katikati yetu.

"Shemeji, nani alikwambia gita hufukizwa?"

"Vibuyu hufukizwa," nikasema.

"Sasa utakamulia ngamia humu?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Mimi nilimtazama tu.

Abdinur alisema haiwezi kunyooka tena, nitafute ubao mkavu. Nikatoa ubao wa ubavuni wa kitanda chetu, ule wa mvule. Siku hizi nalala mkekani. Yeye alichora mistari, mimi nikachonga kwa randa ya Ayanle, wiki sita. Vile vyuma vyembamba vinavyogawa sauti nilivipigilia mwenyewe. Mara mbili nilikosea nafasi nikaving'oa. Sumaku na waya alizifunga Abdinur. Alilijaribu karakanani kwake, akarudi kusema linaunguruma sawasawa. Mimi sijalisikia. Nyumba ya eda haipigwi gita.

Nasteha alikuwa amelifunga kwa shuka pamoja na ile shingo iliyopinda, ili uitundike ukutani kwako. Jana nilifungua shuka nikaitoa. Karibu na mwisho wake patasi ya Ayanle iliteleza, ikaacha kijishimo. Kidole gumba changu kinaingia pale.

Shemeji, ulitaka kitu cha mikono ya kaka yako. Mwili wa gita ni wake. Shingo utakayoshika ni kazi yangu mimi. Ile yake sikupi. Nimejaribu, nimeshindwa. Ukikasirika nitaelewa, lakini usiniombe tena.

Nisalimie Hodo na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mama yenu anawaombea kila baada ya sala. Mungu awatunze ugenini, na amrehemu Ayanle, alifanye kaburi lake liwe na nafasi na mwanga.

Ni mimi nikupendaye, mke wa kaka yako,
Leyla