Mume Wangu Kamgeuza Baba Krismasi Maiti

Bi Verna, mshauri wetu,

Nakusoma kila Alhamisi kabla hata sijafungua ukurasa wa tanzia, na sikudhani iko siku nitakuandikia mimi, lakini yamenifika shingoni na wa kumwambia sina, maana binti yetu Colleen nikimwambia atampelekea baba yake, na dada yangu nikimwambia atacheka mpaka Pasaka. Nisaidie, dada yangu. Ugomvi wenyewe ni wa balbu.

Mume wangu Norbert, nimtaje tu kwa jina kwa kuwa gazeti kaacha kusoma, anasema siku hizi wanachapa kwa wino hafifu, ana sanamu za plastiki za Krismasi, zile zilizo wazi ndani, unatia balbu mgongoni sanamu nzima inawaka, kuna Baba Krismasi anayenifika kifuani, mtu wa theluji, Maria na Yosefu na mtoto, mamajusi, ngamia na punda, nyingi alizirithi kwa mama yake, na kila mwaka ikishapita Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba, anazipanga mbele ya nyumba na watu wanapunguza mwendo wa magari kuzitazama, na hiyo ndiyo fahari yake, mtu ambaye hajui kujisifu kwa lingine lolote. Mwaka jana akaanza kulalamika kwamba sanamu zina giza, akamtia punda balbu kubwa ya moto, punda akayeyuka mgongo, harufu ya plastiki ikaingia mpaka jikoni, ndipo Colleen akasema, "Baba, utatuchomea nyumba, nunua za LED," nami nikamuunga mkono, na kosa langu ndilo hilo, maana sikwenda naye dukani.

Bi Verna, mwaka huu alirudi na zile nyeupe kali zinazoelekea samawati, kama za chumba cha upasuaji, akazitia zote. Tulipowasha nilishika mdomo. Baba Krismasi mashavu ya kijivu, Maria kama kaopolewa ziwani, mtoto ndiyo usiseme. Jirani yetu Duane akapita na mbwa wake, akasimama: "Norbert, nani kafa humo ndani?" Norbert akadhani ni wivu, akamjibu, "Kafa uzuri wa kwako, ndugu yangu, nenda ukazike." Nikamwambia taratibu, baba, hizi baridi mno, tutafute zenye umanjano kidogo kama zile za zamani, nikanunua moja nimwonyeshe, akaitazama akasema, "Hii si taa, mama, hii chai ya rangi."

Basi nikafanya ujanja, na hapa ndipo naungama. Jumamosi alipokwenda kwa kinyozi nilifungua mgongo wa Maria nikamtia ile ya umanjano, na alivyopendeza, Bi Verna, vazi lake la buluu limetulia, uso umepata damu, nikasema akirudi ataona tofauti mwenyewe. Akarudi giza linaingia, akaligonga pipa la taka kwa gari, akashuka akizilaani taa za magari ya siku hizi kwamba zinachoma macho, akatazama kule kwenye sanamu, akaniuliza, "Nani kamzima Maria?" Maria anawaka! Nimesimama ubavuni mwake! Nikajua ananikejeli, nikamwambia wewe una ukaidi wa mama yako, naye akasema kama sanamu za mama yake zinaniudhi atampa Duane zote pabaki patupu, na tangu siku hiyo maneno yetu yanapitia kwa paka. Hata Jumapili jioni, akienda kuwachukua wajukuu kuwapeleka mazoezi ya kwaya ya Krismasi kama afanyavyo kila wiki, anatoka bila kuniaga. Nimemkasirikia kweli kweli, na bado nampenda.

Niambie ninunue balbu gani, na nizibadilishe vipi bila yeye kujua, kabla hajazigawa kweli.

Mimi,
Niliyechoka na Mwanga, nje kidogo ya Manitowoc

*

Niliyechoka,

Pole, na kaa chini. Nitaanza na balbu kwa sababu ndizo ulizoniuliza, na kwa sababu ndilo jambo dogo.

Dukani usitazame picha ya boksi, tazama namba ya rangi. 2700 ndiyo mwanga wa balbu za zamani. Ukiona 5000 au zaidi, hiyo ni ya gereji, irudishe rafuni. Chukua zenye nyuzi ndani ya kioo zinazomulika pande zote, maana zile zenye kitako kinene cha plastiki zinamulika juu tu, utapata Baba Krismasi kichwa kinang'aa na buti zimo gizani. Nguvu isizidi: zilizoandikwa kwamba zinachukua nafasi ya wati ishirini na tano zinatosha, yule mrefu mpe za arobaini. Hakikisha zinaruhusiwa kukaa nje. Na ujue LED hazina joto la kuyeyusha theluji, kwa hiyo ufagio uwe karibu na mlango, la sivyo mtoto Yesu atafukiwa mkimtazama. Punda mzikeni. Ya balbu yamekwisha.

Sasa wewe. Unataka nikufundishe kumzunguka mumeo. Sikufundishi. Na nikuulize, mama, barua yako uliisoma kabla ya kuitia stempu? Mtu anaona wino wa gazeti hafifu. Sanamu alizokua nazo anaona zina giza, anazidisha balbu mpaka punda anayeyuka. Taa za magari zinamchoma macho. Kagonga pipa kwake mwenyewe. Halafu anamtazama Maria anayewaka anauliza nani kamzima, nawe unasema anakukejeli! Hakukejeli, bibi wee. Norbert haoni.

Mimi si daktari, lakini nimetolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na najua unavyoingia ule ukungu wa manjano, pole pole, mwenyewe huna habari. Mwanga wa umanjano unakuwa matope, kinachopenya ni kile cheupe kikali tu. Ndiyo maana akazichagua zile. Niliporudi nyumbani baada ya kutibiwa nilikuta ukuta wa jikoni niliokuwa nauita krimu kumbe mweupe pe, na sinki niliyodhani safi, jamani, aibu. Yake yanaweza kuwa hayo hayo, yanaweza kuwa mengine mabaya zaidi. Atakayesema ni daktari wa macho.

Mwambie usoni, bila kicheko na bila Duane: "Baba, Jumamosi ile Maria alikuwa anawaka." Atakasirika. Atasema anaona vizuri tu. Wanaume wa kwetu wote wanaona vizuri tu mpaka gari liingie mtaroni. Mwache amalize, kisha mpigie daktari akiwepo hapo hapo. Na lile la mama yake umwombe radhi, lilikuwa neno baya. Sanamu hazihami, wala balbu mpya usitie hata moja mpaka atibiwe azichague mwenyewe. Mwaka huu mvumilieni Baba Krismasi na umaiti wake. Duane atachoka kucheka.

Haya yote yanaweza kungoja wiki. Kuna moja lisilongoja, nalo limenikosesha raha tangu nifungue bahasha yako. Umeniandikia kurasa nzima za balbu, wajukuu ukawapa mstari mmoja. Jumapili jioni, giza la Desemba, barabarani barafu, watoto wamefungwa mikanda kiti cha nyuma, na mwenye usukani ni mtu ambaye Maria mzima alikuwa anawaka mbele yake asimwone. Mtoto wa mtu akikatiza barabara na koti jeusi, atamwonea wapi?

Gazeti hili linakufikia Alhamisi. Jumapili endesha wewe. Akikataa kukupa funguo, mpigie Colleen umwambie watoto wasitoke nyumbani, na umwambie kwa nini.

Verna