Sauti Moja ya Ukungu

Mtaa wa Dallas, Embu
4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Laare? Goti lako limepoa? Mimi niko salama, ila usingizi ni haba.

Maxine amenipa filamu yake, ile ya mtoto anayepotea kwenye ukungu. Nikitoka ofisini, naitengenezea sauti za muziki kwa kompyuta. Kila sauti naianza upya, na wiki nzima nimepata tatu tu. Maxine ameniambia kwa upole kwamba nikichelewa atampa kazi hii Gitari, fundi mwingine wa muziki. Hii ndiyo nafasi yangu ya kwanza, mama. Niombee.

Mwanao,
Gikunda

Laare
9 Machi

Mwanangu Gikunda,

Sisi wazima, goti tu ndilo halisikii dawa. Nimekuombea. Dada yako Kajuju anasema filamu itaonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa letu mwisho wa mwezi. Nitakaa mbele. Unakula lakini?

Mama yako

Dallas
24 Machi

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka vyema. Nakula.

Nimemaliza, na sasa naogopa zaidi. Nilitengeneza sauti moja nzuri, nikaihifadhi, kisha kwa kila onyesho nikabadilisha mambo mawili tu: mng'ao wake na jinsi inavyoanza. Mtoto akicheza, inang'aa na kuanza ghafla. Akipotea, inafifia na kuanza polepole. Kazi ilikwenda haraka, lakini watu wakigundua watasema nimewapikia githeri ileile wiki nzima. Maxine atakuja Laare aone mnavyoipokea, ndipo aamue kama atanipa filamu ijayo. Mimi nimenyimwa ruhusa kazini. Tafadhali sikiliza muziki tu, uniambie ukweli.

Mwanao,
Gikunda

Laare
6 Aprili

Gikunda wangu,

U mzima? Nimekawia kuandika kwa aibu. Ulinituma kazi moja na sikuifanya.

Mwanzoni nilisikiliza, kweli. Kisha yule mtoto akaingia kwenye ukungu, nikajikuta nimeushika mkono wa Jedidah aliyekaa kando yangu. Kaimenyi, yule anayecheka hata matangani, alisimama akamwambia mtoto kwa Kimeru, "Rudi nyuma." Hakuna aliyemcheka. Maxine alikuwa mlangoni, akitutazama sisi badala ya filamu.

Taa zilipowashwa ndipo nikakumbuka muziki. Sijui kama sauti ilikuwa moja au kumi. Nisamehe. Itaonyeshwa tena Pasaka, nitarudi nisikilize vizuri.

Mama yako

Dallas
10 Aprili

Mama mpendwa,

Habari za goti? Barua yako niliisomea ofisini nikalia kwa furaha, hata Wawira wa meza ya pili akaniuliza kama nimefiwa.

Pasaka nenda, mama. Lakini usisikilize. Mtazame mtoto tu.

Mwanao,
Gikunda