Vita na Mhina, Zamu kwa Zamu

Jumatatu, 3 Juni

Nimecheza zamu yangu kabla ya kuoga. Utomvu wa mkonge ulikuwa bado mikononi, kidole kinateleza kwenye kioo cha simu. Nimepoteza wapiga mishale kule mtoni. Njano wananipiga kutoka kaskazini. Buluu wanashuka kutoka baharini. Magharibi yuko Mhina na Kijani chake. Tangu tuanze mchezo huu sijapata zamu hata moja ya kupumua.

Njano na Buluu ni wa simu yenyewe, hawana mtu nyuma yao. Mhina ni mtu. Tunalala chumba kimoja hapa kambini na tunakata mkonge mistari inayopakana.

Simu ni yangu. Nikimaliza zamu nampa, naye akimaliza anairudisha juu ya sanduku langu. Asipocheza mmoja, vita vinasimama palepale, hata wiki. Hilo ndilo ninalolipenda. Shambani hakuna kinachokusubiri.

Maandishi yote Kiingereza. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo naenda kwa picha. Nyundo ni kujenga. Upanga ni kupiga. Shuke ni chakula. Inatosha.

Jumatano, 5 Juni

Mhina kanichukulia mji wa mtoni. Niliuita Tutuo, jina la kwetu. Yeye kaufuta, kauita Mizigo. Kisha akasimama mlangoni, watu wote wa kambi wanasikia: "Mji umebaki mmoja, mpagazi. Ubebe kichwani uende nao Tabora, huku pwani huuwezi."

Wakacheka. Yeye Mbondei wa Muheza, mimi Mnyamwezi, ni watani. Siku nyingine ningemjibu kwamba Wabondei hulala chini ya michungwa mdomo wazi wakingoja chungwa lianguke. Leo sikuwa na hamu ya utani. Mgongo unauma, mvua imetunyeshea mashambani tangu asubuhi. Nilimwambia ni mwizi na asiniguse. Kicheko kikakatika.

Sijuti.

Mji uliobaki ni Ipole. Ndiko nyumbani, alipo mama. Huo hachukui.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Saidi anayetupikia anasema nimefanya jambo baya. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kuchukua wali kwenye sahani yako na ukatazama tu. Ukikasirika unatozwa faini. Wazee wa kambi wamenitoza kuku. Nimesema sitoi.

Mhina hasemi na mimi. Mimi pia sisemi naye. Lakini simu inakwenda na kurudi. Anacheza, anaiweka juu ya sanduku, anatoka. Jeshi lake liko hatua mbili kutoka Ipole. Nimeanza kujenga ukuta.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwomba mnyapara anihamishe mstari. Kanipa wa mwisho, upande wa Kigombe. Majani marefu, magugu yamefika kifuani, hakuna mtu karibu. Afadhali.

Njano wamekuja tena na mjumbe wao. Kila baada ya zamu chache anatokea mtu mwenye kofia, na karatasi, na vitufe viwili chini. Nimebonyeza chekundu kumfunga, kama siku zote. Ananizibia ramani.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwa kupapasa. Mistari itakuwa imepanda juu ya mistari.

Jana niliinama kukata majani ya chini. Akili ilikuwa kwenye ukuta wa Ipole, upande wa magharibi, kama niongeze wapiga mishale au niache. Jani la juu likarudi. Mwiba wake ukaingia jicho la kushoto.

Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Aliyefika ni Mhina. Alitoka mstari wake uleule, mbali kule, amekatiza katikati ya mikonge, miguu yote damu. Akanishika mkono mpaka barabarani. Mnyapara akanipeleka Tanga kwa pikipiki.

Daktari kafunga macho yote mawili. Anasema zima likihangaika na bovu linahangaika. Nirudi Jumamosi ndipo atajua. Mnyapara kaniambia bila kuficha: mtu wa jicho moja hapewi kisu.

Naogopa. Sijui kazi nyingine.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelala siku nzima. Nasikia trola zinapita relini kwenda korona, kwenye mashine ya kukamua mkonge, na majani ambayo si yangu.

Jioni Mhina kaingia. Hakuniuliza hali. Kasema kambi imeshamchagulia yeye sanduku langu na kitanda atachukua Juma wa chumba cha pili, nifanye haraka nife. Nikajua tumeanza kusema tena. Mtani akiugua ndivyo anavyoamkiwa. Nilimjibu kwamba nikifa nitamwachia mzigo aubebe yeye, ajue kazi ya babu zangu.

Baadaye kaniuliza zamu yangu vipi. Nikasema vita vingoje. Kasema haiwezekani, askari wake wamesimama na panga juu, mikono inawauma. Atanitazamia ramani, mimi niseme, yeye abonyeze.

Mtu aliye hatua mbili kutoka mji wangu ndiye macho yangu. Nimekubali kwa sababu giza limenichosha.

Jumanne, 11 Juni

Tumecheza. Anasema Buluu wameshusha meli kusini. Anasema ukuta wa magharibi umekwisha kujengwa. Anasema. Mimi nasema ongeza wapiga mishale, nasikia kidole chake kikigonga kioo. Je, kagonga upanga au nyundo? Siwezi kujua.

Kisha anacheza zamu yake mwenyewe kimya. Hapo ndipo panaponitesa. Nilimuuliza amefanya nini. Kasema: "Mtani, vita havitangazwi."

Jicho linapwita. Nikifumba nadhani naona rangi nyekundu. Labda ni kufikiri tu.

Jumatano, 12 Juni

Leo mjumbe wa Njano katokea zamu yangu. Mhina kauliza amfanye nini. Nikamwambia bonyeza chekundu, anafungika.

Nikasikia amekaa kitandani kwangu.

"Kila akija unabonyeza chekundu?"

"Kila akija."

"Na wa Buluu?"

"Wote. Wananizibia ramani."

"Maganga, hii karatasi ina picha ya mikono miwili imeshikana. Huyu bwana anakuja kuomba amani. Weye unamfungia mlango, halafu unalia kwamba dunia nzima inakupiga."

Sikumwamini. Nikawaza: anataka nibonyeze cha pili, na cha pili ni kuuza mji. Kiingereza hajui zaidi yangu, ila yeye anaona na mimi sioni. Nilimwambia aniache nifikiri. Kaweka simu juu ya sanduku, hakubonyeza kitu. Hilo nililisikia vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefikiri mchana kutwa. Kama ni mwongo, Ipole umekwenda, nao ni mji wa kwenye kioo. Kama ni mkweli, basi mimi ndiye mtu wa vita. Hili la pili limeniuma zaidi.

Nimekumbuka miguu yake ilivyokuwa na damu. Mama Saidi ndiye aliyeiosha, kasema mpaka leo anatoa miiba.

Nimemwambia abonyeze cha pili. Kabonyeza. Anasema Njano wamegeuza, wanarudi kwao. Sijui.

Nimempa Mama Saidi fedha ya kuku wa faini. Kachinjwa leo. Mhina kala paja langu na mimi nikasikiliza tu.

Ijumaa, 14 Juni

Mnyapara kaja kuuliza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kitandani kwangu. Mstari wangu kampa kijana wa Kasulu, kwa muda, kasema. Neno kwa muda nalifahamu.

Jioni Buluu pia wameleta mjumbe. Cha pili. Mhina anasema sasa nimebaki na adui mmoja tu na adui huyo ni mzuri wa sura. Kisha kacheza zamu yake. Kaguna kidogo. Nimemuuliza kuna nini. "Ukuta wako," kasema. "Nimepoteza wapanda farasi wote."

Hakulazimika kuniambia.

Jumamosi, 15 Juni

Wamefungua. La kulia linaona. La kushoto linaona mwanga, na mkono wa daktari kama mkono ulio nyuma ya moshi. Anasema linaweza kusafika kidogo, lisisafike sana. Kisu hapana. Kasema mara mbili, kwa sababu nilimuuliza mara mbili.

Nilikaa kwenye benchi nje ya hospitali nikalia. Mhina alikuwa amekuja nami, kapoteza siku yake ya kazi. Hakufanya utani. Alinunua machungwa, akanimenyea.

Mnyapara kasema nitakwenda uwanja wa kuanika singa, nyuzi za mkonge, pamoja na kina mama. Mshahara mdogo. Lakini ni kazi. Nimekubali.

Nimerudi kambini nikachukua simu kabla ya kuvua viatu. Nimetazama ramani kwa jicho moja, taratibu, kona kwa kona. Kaskazini hakuna askari hata mmoja wa Njano. Kusini meli zimekwenda. Ukuta wa magharibi upo, na wapiga mishale wapo juu yake, kila mmoja mahali nilipomtaja. Chini ya ukuta, Kijani wachache waliobaki.

Hakunidanganya hata zamu moja. Alinipigania na akapigana na mimi.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Mhina yuko kwao Muheza tangu jana, atarudi Alhamisi. Kambi kimya. Mama Saidi kaniletea pilau, kakaa akanitazama nikila, kaniambia nisikodoe, jicho litapona.

Wakristo tumefanya kazi nusu siku. Siku ya kwanza uwanjani. Singa zikianikwa ni nyeupe sana, jua likipiga jicho linatoa machozi lenyewe. Mama mmoja kanifungia kanga kichwani, ikanipa kivuli. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nimeanika mpaka mikono imezoea.

Sasa nimekaa mlangoni. Zamu ni yangu. Mhina hana jeshi la maana, mji wa mtoni uko wazi, naweza kuuchukua kwa hatua moja. Pia nimekiona kile kitufe cha kumpelekea mjumbe. Mikono miwili imeshikana, ni kweli. Ila amani kwa mtani ni matusi, angeniuliza kama nimeanza kumwogopa.

Sikupiga. Sikupeleka mjumbe. Nimezima simu nikaiweka juu ya sanduku, zamu haijachezwa. Akirudi avikute vita vyake vinamsubiri.